Mwanangu amempenda mbwa wa kilo 68, na nyumba yetu haijakubaliana

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Usa River, nje kidogo ya jiji la Arusha. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukishaanza mwezi wa sita, anakuja nyumbani siku mbili tatu kisha anarudi porini, hivyo hivyo hadi Oktoba. Nyumbani tunabaki mimi, kijana wetu wa miaka 11, binti yetu wa miaka 4, mama mkwe aliyehamia kwetu kutoka Usangi baada ya baba mkwe kufariki, na binti anayenisaidia kazi. Natoka asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni.

Mwaka jana tulivunjiwa. Ilikuwa usiku, mume wangu akiwa Serengeti. Wezi walikata nondo za dirisha la sebuleni, wakachukua televisheni, mtungi wa gesi na kompyuta yangu ya kazi. Hawakutugusa. Lakini kijana wangu aliwaona. Alikuwa ameamka kwenda chooni, akawakuta sebuleni, akarudi kitandani akajifunika shuka, na hakusema neno hadi kulipokucha. Tangu hapo mtoto amebadilika. Alikuwa mwongeaji, sasa ukimuuliza jambo anajibu kwa neno moja. Analala taa ikiwaka.

Mwezi wa nne shule yao iliwapeleka kwenye kituo kinachookoa wanyama walioachwa. Huko akamwona Bruno. Ni dume wa boerboel, mbegu ya mbwa wakubwa wa ulinzi, ana miaka 5 na kilo 68. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi akarudi kwao, akamwachia mlinzi wa nyumba, na mlinzi alipokosa cha kumlisha akampeleka kituoni. Amehasiwa na ana kadi ya chanjo. Siku ile mwanangu alirudi anaongea! Aliniambia habari za Bruno hadi chakula kikapoa. Kuanzia hapo, Jumamosi ninayopata nafasi nampeleka. Bruno anamlalia miguuni, na mwanangu anamsimulia mambo ya shule ambayo mimi mama yake hanisimulii.

Sasa kituo kimesema tunaweza kumchukua. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu nafasi ni ndogo na yupo mtu mwingine aliyemuulizia.

Mume wangu hakatai. Anasema aje, lakini mbwa ni wa nje: mchana afungwe mnyororo chini ya mwembe, usiku aachiwe alinde. Anasema mbwa akishazoea kuchezewa na watoto hafai tena kwa ulinzi. Mwanangu aliposikia habari ya mnyororo alilia. Yeye anataka Bruno alale chumbani kwake.

Mama mkwe ndiye anayenipa kazi kubwa. Sisi ni Waislamu, na yeye ni mtu wa swala tano na dhikri. Anasema hawezi kuswali kwenye nyumba anayopita mbwa, na malaika wa rehema hawaingii humo. Hakugomba wala hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mkimleta, mnirudishe Usangi." Hilo limeniuma, kwa sababu Usangi hakuna mtu wa kukaa naye.

Binti wa kazi nilimuuliza, akasema "sawa mama." Aliwahi kung'atwa na mbwa akiwa mdogo kwao Singida, lakini nadhani atazoea.

Kuna jambo dogo pia. Mfanyakazi wa kituo aliniambia Bruno hapendi mtu kusogelea bakuli lake akiwa anakula. Aliwahi kumuungurumia kijana mmoja aliyekuja kujitolea, lakini hakumng'ata. Wanasema ni kawaida kwa mbwa aliyewahi kushinda njaa.

Uzio wetu ni michongoma na geti la bati. Chakula nimeshakipigia hesabu, ugali wa dona na dagaa, siku nyingine utumbo. Mimi pia silali vizuri tangu siku ile, hasa mume akiwa hayupo.

Nikikataa, naona nitamrudisha mwanangu kwenye ukimya. Nikikubali, naona nitavunja nyumba. Nifanyeje?

Mama wa Usa River

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nikiirudia namwona mbwa mwingine. Mume wako anamleta mlinzi. Mwanao anamleta rafiki wa chumbani. Mama mkwe anaona najisi ikipita mbele ya mswala wake. Binti wa kazi huenda anamwona yule wa Singida. Wote mnamtaja Bruno, na Bruno ni mmoja tu, mwenye tabia zake tayari. Sidhani kama nyumba imegawanyika juu ya kumchukua au kumwacha. Naona hamjakaa mkaambiana ni mbwa wa namna gani mnayemleta, wa kufanya nini, na nani atashinda naye.

Lakini kabla ya mbwa, nianze na sentensi uliyoiweka mwishoni kabisa, baada ya michongoma na dagaa. Umesema wewe pia hulali. Umemwandikia mwanao aya nzima na wewe mwenyewe ukajipa mstari mmoja. Mama aliyeamka akakuta nondo zimekatwa, watoto wawili wamelala vyumba vya pili, mume yuko mbali, ana haki ya kuogopa. Najiuliza tu, na nakuomba ujiulize taratibu: kama wizi ule usingetokea, mwanao akaja na hadithi ya Bruno, ungefikiria kumchukua? Ukijibu ndiyo, vizuri. Ukijibu hapana, basi sehemu ya mzigo tunaotaka Bruno aubebe ni hofu yako. Si aibu, ila hofu hiyo ina dawa nyingine pia, za kutafuta leo bila kungoja mbwa: nondo imara, taa za nje, majirani wa kupigiana simu usiku, na mtu wa kuzungumza naye.

Na mwanao. Furaha yako ya kumsikia akiongea naielewa kabisa. Mtoto aliyeona wezi akanyamaza hadi alfajiri alibeba jambo zito kwa umri wake, na mnyama mtulivu anaweza kweli kumfungua mdomo, maana hamkatizi wala hamhukumu. Lakini nauliza, je, kuna mtu mzima aliyewahi kukaa naye akamuuliza aliona nini usiku ule, na akamwambia kwamba kunyamaza kwake hakukuwa kosa? Watoto wa umri wake mara nyingi hujilaumu kimoyomoyo: ningepiga kelele, ningemwamsha mama. Hilo Bruno hawezi kumwondolea. Ukipata mshauri wa watoto hospitalini au mwalimu wa malezi unayemwamini, mpeleke, mbwa aje asije. Nalisema hili kwa sababu mbwa akigeuzwa kuwa dawa pekee ya mtoto, kisha mambo yakashindikana akarudishwa kituoni baada ya miezi miwili, mtoto atapoteza mara ya pili, na safari hii atadhani yeye ndiye aliyeshindwa.

Sasa Bruno mwenyewe. Boerboel asili yake ni Afrika Kusini. Ametokana na mbwa wakubwa waliokuja na walowezi tangu karne ya 17, wakachanganyika na wengine huko mashambani, na wakulima wakawachagua kwa kazi ya kulinda nyumba za mashamba zilizojitenga. Dume aliyekomaa anaweza kuvuka kilo 70. Kwa watu wake ni mpole na anayeng'ang'ania kuwa karibu, hata kukulalia miguuni kama ulivyoona. Kwa mgeni ana shaka, na shaka hiyo hafundishwi, anazaliwa nayo. Kuna nchi zimemwogopa: Denmark ilipiga marufuku mbegu hii mwaka 2010 pamoja na nyingine kadhaa. Wapo wanaopinga sheria za aina hiyo, wakisema malezi yana uzito kuliko mbegu, na nadhani wana hoja. Lakini kilo 68 ni kilo 68. Mbwa mdogo akikosea anaacha mkwaruzo. Huyu akikosea mtoto anakwenda hospitali.

Hapo ndipo ningependa mume wako anisikilize, kwa heshima zote. Amesema mbwa akizoea watoto hafai kulinda, na hayo ndiyo tuliyokulia nayo wengi wetu. Kwa mbwa wa mbegu hii naona mambo yako kinyume. Yeye hulinda kile anachokiona ni chake. Akiwa sehemu ya nyumba, ataamka kwa kishindo cha dirishani bila kufundishwa ukali. Akishinda kwenye mnyororo chini ya mwembe, haijui familia yake, hajui mgeni mwema ni yupi na mbaya ni yupi, na watoto wa jirani wanampita wakimtupia vijiwe. Mbwa anayefungwa hivyo siku baada ya siku hujaa hasira na woga, na siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye mara nyingi si mwizi, ni mtoto. Tena kuna jambo ambalo mume wako kama mwenyeji wa Arusha analijua: wezi wa siku hizi hutanguliza nyama yenye sumu. Mbwa anayelala barazani au ndani ya nyumba ni vigumu kumfikia kuliko aliye peke yake uani. Sisemi Bruno alale kitandani na mwanao. Nasema kati ya mwembe na kitanda kuna nafasi kubwa ambayo baba na mwana hawajaizungumza. Na ningetamani baba afike kituoni akakae naye kabla ya kuamua afungwe wapi. Katika barua yako sijaona kama amewahi kumwona.

Umeliita "jambo dogo" suala la bakuli. Niruhusu nisikubaliane nawe. Kituo kimesema kweli, mbwa wengi waliopitia njaa hulinda chakula, na kuunguruma ni lugha. Mbwa anayeunguruma anatoa onyo, na onyo ni afadhali kuliko meno ya ghafla. Ndiyo maana usimruhusu mtu kumpiga anapounguruma: atajifunza kuacha onyo, na hofu yake itabaki palepale. Lakini una mtoto wa miaka 4. Mtoto wa umri huo husahau alichokatazwa asubuhi. Ataangusha biskuti, atainama kuiokota, na uso wake utakuwa sawasawa na mdomo wa Bruno. Watoto wadogo huumizwa usoni na shingoni kwa sababu ya kimo chao, na mara nyingi mbwa mwenyewe ni wa nyumbani au wa jirani, wanayemfahamu. Kwa hiyo waulize watu wa kituo mambo ambayo pengine hawakuyasema kwa sababu hukuuliza. Anaungurumia mfupa tu, au hata bakuli tupu? Je, huwa analinda mtu pia kama anavyolinda chakula, kwa mfano mwanao akiwa naye na mwingine akasogea? Amewahi kukaa na mtoto wa chini ya miaka 6? Waombe uone kwa macho yako akila, wewe ukiwa mbali, na mhudumu akipita karibu. Ukiona mwili wote umekakamaa, kichwa kimezama bakulini na weupe wa jicho unaonekana, hata kama haungurumi, elewa kwamba hana raha.

Ikitokea mkamchukua, kula kwake kuwe nyuma ya mlango uliofungwa, kila siku, bila siku ya kupumzika. Na binti mdogo asiachwe naye peke yake hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Nani atasimamia hilo kati ya saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni?

Jibu tunalijua sote wawili. Ni yule binti wa kazi.

Amesema "sawa mama." Mdogo wangu, wewe ni mwajiri wake. Analala kwako, anakula kwako, mshahara unautoa wewe. Angesema nini kingine? Woga wake una sababu. Nchini kwetu kichaa cha mbwa bado kinakadiriwa kuua mamia ya watu kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wengi ni watoto wa vijijini. Mtoto aliyeng'atwa huko anakumbuka jino, na anakumbuka pia wazazi wakihangaika kutafuta sindano. Bruno amechanjwa, kwa hiyo hatari hiyo kwake ni ndogo mno mradi chanjo irudiwe kwa wakati, lakini mwili wa mtu aliyeogopa utotoni hausomi kadi ya chanjo. Na mbwa anausoma mwili: mtu anayemkwepa, anayekimbia, anayetupa bakuli kwa mbali, humtia wasiwasi. Unamwacha binti mwenye hofu, mtoto wa miaka 4 na mbwa wa kilo 68 nyumbani saa kumi kwa siku, kwa makubaliano ya maneno mawili. Kaa naye siku moja mkiwa mmetulia, si wakati anaosha vyombo. Mwambie waziwazi kwamba akikataa hatapoteza kazi, na umaanishe. Halafu msikilize.

Kuhusu mama mkwe, mimi si sheikh, na neno la mwisho mtalipata kwa imamu wenu. Ninachojua ni kwamba Waislamu wengi wa Afrika Mashariki wanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo yanahesabu mate na unyevu wa mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Hadithi ya malaika aliyoisema anaijua vizuri. Lakini zipo pia hadithi zinazoruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameruhusu kwa msingi huo mbwa wa kulinda nyumba. Qurani yenyewe, katika Al-Maida aya ya 4, imehalalisha windo la mbwa waliofunzwa, na katika Al-Kahf aya ya 18 inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni akiwa amenyoosha miguu yake kizingitini. Kwa Mashafi pia, kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami.

Sikupi hoja hizi ukamshinde nazo. Mama hakubishana nawe, naye hastahili kubishiwa. Nakupa ili muwe na mahali pa kuanzia mazungumzo. Je, angekubali kama Bruno angekaa barazani na uani, asivuke kizingiti kamwe, chumba chake na njia yake ya kwenda kutia udhu vikabaki safi? Je, nguo za watoto waliocheza na mbwa zingefuliwa wapi? Na nani atamwambia mjukuu kwamba ndani ni mwiko? Inaelekea ombi la mama na ombi la baba wa watoto yanakaribiana kuliko ulivyoona: wote wawili wanasema "nje." Tofauti iko kwenye aina ya nje. Ila jihadhari na kitu kimoja. Mama huyu amempoteza mumewe, ameacha nyumba yake Usangi, na mswala ule ndio mahali pake katika nyumba yako. Aliposema "mnirudishe," sikusikia kitisho. Nilisikia mtu anayejiuliza kama bado ana nafasi hapo. Anza kwa kumjibu hilo, ndipo mzungumze habari za mbwa. Na ingefaa mwanawe awepo, usiachiwe wewe mkwe peke yako.

Mengine niyapite haraka. Michongoma haimzuii boerboel anayetaka kutoka, na geti la bati analisukuma, kwa hiyo uzio ni gharama ya kwanza, kabla hata ya chakula. Akimng'ata mtoto wa jirani, matibabu, chanjo na kesi ni vyenu. Chakula kikavu cha mbwa wa uzito huu hufikia gramu 700 hadi kilo moja kwa siku. Dona na dagaa vinaweza kumlisha ukivipanga na daktari wa mifugo, ila usimpe kamwe mahindi yenye ukungu kwa kudhani mbwa hadhuriki: sumukuvu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 huharibu ini la mbwa pia. Mpeni milo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa, na asikimbizwe akishiba, kwa sababu mbwa wenye kifua kikubwa hupatwa na tumbo kujaa hewa na kujipinda. Utamwona anataka kutapika na hakitoki kitu, tumbo limevimba, hatulii. Hapo ana saa chache tu, na tiba ni upasuaji. Uliza mapema kama Arusha kuna daktari atakayepokea simu yako usiku wa manane. Dawa za kupe na minyoo hupimwa kwa uzito, kwa hiyo kila dozi yake ni ya mbwa watatu wa kawaida.

Umri nao. Boerboel wengi huishi miaka 9 hadi 11. Bruno ana 5. Mwanao atakuwa kidato cha pili au cha tatu wakati mbwa huyu anazeeka, nyonga zinakataa, na pengine anakufa. Miaka minne mitano ya mapenzi si midogo kwa mtoto. Ni vema tu aijue tangu sasa.

Njia ulizonazo naziona ni zaidi ya mbili ulizoandika. Mnaweza kumchukua sasa, wakati baba yuko safarini, na mzigo wote wa majuma ya kwanza ukaangukia kwako na kwa yule binti. Majuma hayo ndiyo magumu. Mbwa aliyehamishwa huweza kuonekana mpole ajabu mwanzoni kwa sababu ameduwaa, na tabia zake halisi zikajitokeza baadaye akishaona ni kwake. Mnaweza kuomba kumlea kwa muda, kwa makubaliano ya maandishi kwamba mkishindwa anarudi bila lawama. Hiyo inawalinda ninyi na yeye, ila kwa mwanao "kwa muda" ni neno gumu, na ingebidi aambiwe ukweli tangu siku ya kwanza. Mnaweza kungoja hadi Novemba baba akiwa nyumbani, mkajenga uzio kwanza, mkikubali kwamba pengine Bruno atakuwa amechukuliwa na yule mwingine. Mnaweza pia kumwacha Bruno pale na mwanao akaendelea kwenda kumtembelea na kusaidia kazi za kituo. Nimewahi kuona watoto wakipona kwa njia hiyo bila mbwa kuvuka geti la nyumbani kwao, ingawa siku mbwa anapopata familia nyingine huwa ni siku ngumu. Na yupo mbwa ambaye hamjamtazama bado: mdogo zaidi, labda wa kienyeji, aliyelelewa na watoto, anayebweka usiku na asiye na kisa cha bakuli. Mwanao hatampenda kama anavyompenda Bruno, angalau si mwanzoni.

Kila moja ina kinachopotea. Sitakuchagulia, kwa sababu nyumba ni yako na watu ni wako, na nadhani ukishakaa na yule binti, na mama, na mume wako kwa simu ya muda mrefu, utakuwa unajua zaidi ya ninavyojua mimi hapa.

La haraka ni hilo la mwisho wa mwezi. Wapigie kituo uwaambie mnahitaji muda, na uwaeleze kwa nini: mtoto wa miaka 4, mzee mwenye swala zake, uzio wa michongoma, baba aliye safarini. Watu wanaookoa wanyama wameshaona wengi wakirudishwa, nao hawapendi mambo ya haraka, kama wewe. Kama baada ya kusikia hayo bado watakuambia njoo umchukue Jumamosi hii, hilo nalo litakupa picha. Waombe pia siku moja baba atakapopita mjini mje wote. Mwacheni Bruno awaone pamoja, akiwa upande wa pili wa wavu. Mtazame anavyofanya binti mdogo akikimbia na kupiga kelele kama kawaida yake, na anavyofanya mume wako akisimama bila kusema kitu. Binti wa kazi aje kama mwenyewe anataka, asilazimishwe, na akisema anataka kubaki kwenye gari, abaki.

Kisha niandikie tena, na safari hiyo mwanao naye akipenda aandike aya yake.